Wastaafu wa Ngagara na Jumamosi Zao

Ngagara, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, ilijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa wageni mjini. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, kupitia shirika lake la nyumba lililoitwa Office des Cités Africaines, ilijenga mitaa ya wafanyakazi katika miji ya Kongo na pia Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi uhuru. Makarani, mafundi, wauguzi na walimu walioshuka kutoka milimani wakapewa nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari. Wazee bado wanaiita Ocafu, kwa ufupisho wa shirika lile. Sehemu zake zina namba tu: kartie ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Mtu akikwambia anakaa kartie ya tano, wenyeji wanajua mara moja ni karibu na nani na atapita njia gani akitoka sokoni.

Nilikwenda huko kumwona mama mdogo. Sisi Waha wa Kigoma tuna ndugu wengi ng'ambo ya mpaka, na Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba bibi zetu walizozana na kupatana bila mkalimani. Mama mdogo aliolewa Rumonge, akafundisha shule ya msingi huko maisha yake yote ya kazi, akastaafu, akafiwa na mume. Mwanawe mkubwa akaona si vema mama akae peke yake, akamleta Ngagara. Miezi ya mwanzo simu zake zilinitia huzuni. Alikuwa anakula, analala, anaangalia televisheni. Geti limefungwa, zamu, yaani mlinzi, yuko mlangoni, wajukuu wako shuleni. Kisha simu zikabadilika. Jumamosi akawa hapokei kabisa, na jioni akipiga mwenyewe anaongea kwa kasi, anataja watu nisiowajua, anacheka. Nilitaka kuwaona watu hao waliomrudishia mama yangu kicheko.

Njia ya kutoka Manyovu kwenda Mugina ni ya milima na migomba. Ukishavuka na kushuka hadi Nyanza-Lac, Ziwa Tanganyika linakaa mkono wako wa kushoto na halikuachi tena hadi Bujumbura. Ni ziwa lile lile la kwetu, lakini hapa milima imeibana barabara kwa karibu zaidi, na ng'ambo milima ya Kongo inaonekana ya buluu asubuhi na ya kijivu mchana. Rumonge inanuka mawese. Wanawake wameyapanga kwenye madumu na chupa kando ya barabara, mekundu, mazito. Mbele kidogo nilianza kuona jambo la kusikitisha: nyumba zilizosimama ndani ya maji, milango wazi, minazi iliyokufa ufukweni. Ziwa limepanda miaka hii na limewahamisha watu wengi, hasa kule Gatumba upande wa pili wa mji, ambako Mto Rusizi nao hufurika. Baadhi ya waliohama wamepanga vyumba kaskazini mwa Bujumbura. Kwa hiyo hata hivi leo mitaa ya kaskazini inapokea wageni.

Jumamosi asubuhi Bujumbura inatulia. Ni saa za kazi za pamoja, ibikorwa rusangi, ambapo raia wanatakiwa kufagia mitaro, kufyeka na kusaidia ujenzi wa majengo ya umma, na magari hayatembei hadi kazi iishe. Mama mdogo alinichukua tukaenda kwa miguu hadi kwenye ua wa nyumba moja ya zamani ya Ocafu, yenye mwembe mkubwa. Chini ya mwembe kulikuwa na viti vya plastiki, mabenchi mawili na meza iliyowekwa ubao wa ikibuguzo, ambao ni bao letu lenye sheria za kwao. Wazee waliingia mmoja mmoja wakiwa bado na majembe na mafagio. Walikumbatiana kwa namna ya Kirundi, wakishikana mikono ya juu, wakiulizana habari za watoto, za ng'ombe hata kwa wasio na ng'ombe, za mvua, bila haraka.

Mimi niliwaamkia kama nilivyofunzwa nyumbani. Wengi walinijibu "Amahoro" wakanikumbatia. Lakini wazee watatu waliokaa pembeni waliitika "Marahaba!" papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyeitikia hivyo miaka mingi. Nikajua hao wamekaa kwetu.

Kundi hili halina ofisi wala kibao. Lilianza na wastaafu wachache waliokuwa wakikutana siku za kufuatilia pensheni, wakagundua kwamba wanakaa kartie jirani na wanarudi njia moja. Mmoja alikuwa karani wa posta. Mwingine alifanya kazi kiwanda cha nguo cha COTEBU, ambacho wenyeji wameazima jina lake wakalipa soko la jirani. Kuna mkunga, kuna fundi wa redio, kuna mwanamke aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni na bado anapika kwa vipimo vya wanafunzi mia tatu. Waliozaliwa Ngagara ni wachache. Wengine wote wamekuja ukubwani: wamefuata watoto, wamerudi kutoka nje ya nchi, au wamehama mikoani kwa sababu ya hospitali.

Mgeni akifika hupewa kiti na kuulizwa swali moja: unajua kufanya nini? Mama mdogo alijibu kwamba anajua kuandika ubaoni herufi nzuri. Wakamkabidhi daftari. Tangu siku ile yeye ndiye anayeandika michango, orodha ya wagonjwa wa kutembelewa, na safari. Alinionyesha daftari lile kwa fahari ambayo sikuiona usoni mwake tangu mume wake alipofariki. Majina yameandikwa kwa mwandiko wa mwalimu, mstari ulionyooka bila rula.

Swali ambalo haliulizwi ni hili: ulikuwa wapi? Nililazimika kukaa nao muda kabla ya kuelewa uzito wake. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia vitani, na mitaa hii ya kaskazini iligawanyika kwa kabila. Ngagara ikabaki na Watutsi, Kamenge na Kinama zikabaki na Wahutu. Majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi walihama usiku. Makubaliano ya Arusha, yaliyosainiwa tarehe 28 Agosti 2000 baada ya Mwalimu Nyerere kuanza usuluhishi na Nelson Mandela kuukamilisha, yalifungua njia ya watu kurudi taratibu. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa yalirudi, Ngagara ikiwa mojawapo ya mitaa iliyotikiswa, na watu wakakimbia tena. Sisi wa Kigoma tuliwaona wakishuka kwa meli na mabasi kuelekea Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Kabla yao kulikuwa na wale wa 1972, waliokaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo hadi wajukuu wao wakawa Watanzania.

Kwa hiyo chini ya mwembe ule wamekaa watu ambao historia iliwapeleka pande mbalimbali, na wengine iliwaweka pande zilizotazamana. "Ukimuuliza mtu alikuwa wapi," aliniambia yule karani wa posta, "unamlazimisha achague la kusema. Ukimuuliza anajua nini, anakupa kitu." Yanayotaka kusemwa yanasemwa wakati wake, wawili wawili, njiani. Wazee wale watatu walioitikia "Marahaba" waliniambia habari zao wenyewe tulipokuwa tunatembea. Mmoja alilima tumbaku Ulyankulu kwa miaka mingi, akaniuliza kama barabara ya kwenda Tabora imewekwa lami. Nilipomwambia ndiyo, alisimama akafurahi kana kwamba imepita shambani kwake.

Matembezi ndiyo roho ya kundi. Kuna ya karibu na ya mbali, na ya karibu ndiyo yaliyonigusa zaidi. Jumamosi ile walikwenda Kamenge kula nyama choma. Kwa mwendo wa wazee, wenye fimbo na wenye magoti mabovu, si mbali. Kijana angeweza kufika kabla hajamaliza wimbo mmoja kwenye simu. Lakini katikati ya miaka ya 1990 hapo hapakupitika, na wote waliokuwa Bujumbura wakati ule wanajua ni mtaro upi na kona ipi iliyokuwa mwisho wa upande wao. Hakuna aliyenionyesha kona hiyo. Niliona tu kwamba mahali fulani mazungumzo yalipungua, mama mkunga akamshika mkono mama mdogo, na hatua kidogo mbele yule mpishi akaanza kulalamikia bei ya vitunguu, na kelele zikarudi.

Kamenge kuna Kituo cha Vijana, Centre Jeunes Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili vijana wa mitaa ya kaskazini wacheze, wasome na kufanya kazi pamoja bila kujali kabila. Mwaka 2002 kilipewa Tuzo ya Right Livelihood. Kazi yake ni kubwa na inajulikana. Wakati tunapita niliwaza kwamba kwa vijana watu wamejenga viwanja na maktaba, lakini wazee, ambao ndio waliobeba majeraha yenyewe, wameachiwa wajipange wenyewe. Na wamejipanga.

Tulikaa kwenye mabenchi marefu. Mishikaki ikaja na ndizi za kukaanga na pilipili kidogo. Wanaokunywa waliletewa Primus, zile chupa kubwa za Brarudi, na Waislamu na walokole wakaletewa Fanta. Mzee wa tumbaku alinieleza kwamba zamani mtu mzima kula mbele ya watu ilikuwa aibu, na mwanamke kula mbele ya mkwewe haikuwezekana kabisa. Kinywaji ndicho kilichokuwa cha hadharani. Mtungi mmoja wa bia ya mtama, mirija, na watu wakiinama kwa zamu. Sasa mama mkunga alikuwa anang'ata mshikaki karibu na baba mkwe wa binti yake, ambaye naye ni mwanachama, na wote wawili wakitabasamu. "Tumebadilika," alisema yule mzee. Hakuonekana kusikitika. Jambo moja hawakulibadilisha: aliyeleta kinywaji alikionja kwanza, kisha akakipeleka kwa wengine.

Siku hiyo ilikuwa pia siku ya kumpokea mgeni mpya, mzee aliyehamia kwa mwanawe baada ya ufukwe alikokaa kuliwa na maji. Alikuwa mvuvi. Hakuwa na pensheni yoyote, na nilihofu kwamba pengine atajiona mdogo mbele ya waliokuwa maofisa. Waliuliza swali lao. Akasema anajua kusuka nyavu na kusoma upepo. Kimya kifupi, kisha mkunga akasema: "Basi safari za ziwani wewe ndiye utakayetuambia twende lini." Akakubali, uso umemng'aa. Mchango wake wa mwezi ule aliambiwa atauleta kwa ndagala, dagaa wetu, atakapowapata. Katika daftari mama mdogo aliandika "ndagala" kwenye safu ya faranga, bila kuweka alama yoyote ya tofauti.

Safari za mbali ni ngumu siku hizi. Mafuta ya gari yamekuwa adimu Burundi kwa miaka kadhaa, foleni za basi ni ndefu, na wazee hawawezi kusimama saa tatu juani. Husubiri hadi mtoto wa mmoja wao apate mafuta, kisha wanakodi basi dogo na kugawana gharama. Wamekwenda Musée Vivant, ile bustani ya makumbusho iliyoanzishwa mwaka 1977, ambako kuna nyoka na mamba na nyumba ya nyasi iliyojengwa kwa mtindo wa kale. Wanasema walimwacha mwongozaji apumzike, wao wakawaeleza watoto wa shule waliowakuta pale kila sehemu ya nyumba ile inaitwaje na nani alilala wapi. Wamepanda hadi kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru alioupigania. Kutoka pale juu unaona mji wote hadi ziwani, na kila mmoja alitafuta paa la kwake.

Mimi nilikwenda nao Mugere, zaidi kidogo ya kilomita 10 kusini mwa mji. Juu ya kilima kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Huko Burundi wapo wanaoamini kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Mimi mtu wa Kigoma nilijisikia nina wajibu. Niliwaeleza kwamba walikutana Ujiji, kwetu, wiki chache kabla, na kwamba hapa Mugere walipita wakiwa pamoja ndani ya mtumbwi, wakielekea kaskazini kutazama kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia. Mvuvi, ambaye hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza na kundi, alisikiliza hadi mwisho akauliza kwa nini hawakumuuliza mvuvi yeyote, maana kila mtoto wa Gatumba anajua maji yanaelekea wapi. Karani wa posta alisema hilo liandikwe kwenye daftari, na mama mdogo akaliandika.

Chini ya kilima, karibu na maji, tulikula mukeke wa kuchoma uliofunikwa vitunguu. Ni mgebuka wetu wa Kigoma, samaki yule yule mwembamba mwenye nyama tamu, ila sisi tunaukaanga au kuubanika mkavu, wao wanaufungua tumboni na kuuweka moto mkali. Kando kulikuwa na maharage yaliyokolezwa mawese ya Rumonge, na isombe, yaani kisamvu. Mpishi wa bweni alionja kila kitu na kutoa maksi. Mvuvi alitazama ziwa akasema upepo utageuka alasiri, tuondoke mapema. Tuliondoka mapema. Tulipofika mjini upepo ulikuwa umegeuka.

Nimejiuliza kwa nini kundi kama hili sikulikuta kwetu. Ujiji tuna baraza za wazee, kahawa, tende na kashata, bao linalochezwa hadi magharibi. Ni mambo mazuri na ninayapenda. Lakini baraza ni la wanaume, na ni la wanaojuana tangu utotoni. Mgeni atakaribishwa kahawa, lakini utani wa pale hataufahamu kwa miaka kumi. Wanawake wana vikoba na upatu, ambavyo vimesaidia nyumba nyingi, lakini kikao kinaanza na fedha na kuishia na fedha, na asiye na hisa hana kiti. Ngagara nao wana michango, wana fedha za msiba na za kuganduka, yaani kuondoa matanga. Tofauti niliyoiona ni kwamba urafiki ulitangulia na fedha zikaufuata. Nadhani kilichowafanya hivyo ni kule kuhamishwa mara kwa mara. Mji ambao kila baada ya miaka ishirini umewatoa watu na kuwaingiza wengine hauwezi kutegemea urafiki wa utotoni. Unalazimika kujua namna ya kupata rafiki ukiwa na miaka sabini, na wao wamejifunza.

Kuna walioko nje ya mwembe, na wenyewe wanalijua hilo. Katika barabara ile ile ya mama mdogo nilihesabiwa nyumba za wazee ambao hawajawahi kutoka nje ya geti tangu waletwe mjini. Watoto wao si wabaya. Wanawapa chakula bora, dawa, kitanda kizuri, televisheni yenye vituo vingi. Wanaogopa tu kwamba mzee ataanguka, atapotea, atadhulumiwa. Mwana wa mama mdogo alikuwa hivyo. Aliniambia mwenyewe kwamba siku ya kwanza mkunga alipokuja kugonga, zamu alimwambia mama amelala, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Mkunga alirudi kesho yake. Akarudi tena. Mara ya nne alikuja na wenzake, wakiwa wamebeba kinywaji na kikapu cha maharage, wakakaa barazani kama wageni wa heshima, na kwa Mrundi huwezi kumfukuza mgeni aliyekuja na kinywaji. Mama akatoka.

Asubuhi niliyoondoka mama mdogo hakunisindikiza hadi kituoni. Ilikuwa siku ya kumtembelea mgonjwa hospitalini, na zamu ilikuwa yake. Alinikumbatia mlangoni, akaniambia, "Wasalimie, mwanangu," akaenda zake na daftari kwapani.

Ndugu msomaji, huko Kigoma, Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi, ikiwa umemleta mzazi wako mjini aje apumzike, mwagize mlinzi asiseme tena kwamba mama amelala. Muulize mama mwenyewe anajua kufanya nini. Kisha ubishe hodi kwa jirani ambaye naye ana mzee ndani, uwakutanishe Jumamosi hii.